Jina la klasi linarudiwa mpaka testi ya mwisho: tulijadili hili la majina ya yuniti testi

#1 MsomaRipoti (mleta uzi)

Wadau wa kodi za kompyuta, salaam.

Kuna jambo limenikaa rohoni kuhusu majina ya yuniti testi, yaani kodi fupi zinazokagua kipande kimoja kimoja cha programu. Kwenye mapitio ya kodi huwa naliandika kwa mstari mmoja, wenzangu wanaliona dogo, linapita. Leo nimeamua kulileta hapa kwa kirefu.

Tazameni mstari huu, umetoka kwenye ripoti ya pytest (zana ya kuendesha testi za Python):

tests/test_kisoma_tarehe.py::TestKisomaTarehe::test_kisoma_tarehe_soma_tarehe_mwaka_mrefu_inafanya_kazi

Hesabuni. "Test" imo mara 4. "Kisoma tarehe" mara 3. "Tarehe" peke yake mara 4. Mwisho kabisa kuna "inafanya kazi", ambayo kila testi duniani inadai hivyo hivyo. Nilichokuwa nakitafuta mimi ni maneno mawili tu, mwaka mrefu (wenye siku 366), na hata baada ya kuyapata sijajua huo mwaka mrefu umefanywa nini. Tarehe 29 Februari imekubaliwa? Imekataliwa? Imesogezwa hadi Machi 1? Jina refu namna hiyo, na swali langu halikujibiwa.

Kwa asiyeijua hiyo klasi ya KisomaTarehe (klasi ni kifungu cha kodi chenye jina lake): inapokea maandishi kama "2024-02-29" na kurudisha tarehe, au kosa kama tarehe hiyo haipo. Haina makuu. Siku testi 14 zilipoanguka kwa mpigo, dirisha la ripoti likaonyesha mistari 14 inayofanana, yote imekatwa upande wa kulia kwa kukosa nafasi. Sehemu iliyokatwa ndiyo pekee iliyokuwa inatofautiana. Ikabidi nifungue moja moja.

Hoja yangu ni hii. Jina la testi halisomwi peke yake. Linasomwa likiwa limebebwa na faili, halafu klasi, halafu ndiyo lenyewe. Neno lililokwisha kusemwa na klasi likirudiwa na methodi (testi moja moja) zote 33 zilizo ndani yake, halitofautishi methodi yoyote na mwenzake. Linakula nafasi ya neno ambalo lingetofautisha.

Kuna ubaya mwingine, na huu ndio ulioniuma zaidi. Zamani klasi hii ilikuwa inaitwa KichakataTarehe. Mtu akaibadilisha jina kwa amri ya kihariri, sekunde moja, kila inapoitwa pakabadilika. Ila majina ya testi hayakubadilika, kwa sababu kwa kihariri "test_kichakata_tarehe_soma" ni jina jingine kabisa, halina uhusiano na klasi. Basi tukakaa na testi nusu zinasema kichakata, nusu kisoma, na mgeni aliyejiunga baadaye akatafuta klasi ya KichakataTarehe kwenye mradi mzima akidhani ipo. Jina la klasi ndani ya jina la testi ni nakala ambayo kompaila (programu inayosoma na kutafsiri kodi) haiikagui. Nakala isiyokaguliwa huchakaa.

Chimbuko la tabia hii linaeleweka. JUnit (zana ya testi za Java) ya awali, hadi toleo la 3, ilikuwa inazisaka testi kwa kuangalia methodi zinazoanza na "test". Hapakuwa na njia nyingine. JUnit 4 ilipokuja mwaka 2006 ikaleta alama ya @Test, na kiambishi kikawa hakihitajiki tena. Lakini mkono ulishazoea. Leo naona kodi ya Java iliyoandikwa mwaka huu ina @Test juu na chini yake "public void testKisomaTareheTest". JUnit 5 tangu 2017 haihitaji hata hiyo "public".

Naomba maoni yenu. Hasa wanaopinga, karibuni.

#2 Kompaila

Mkuu, naunga mkono, ila tutenganishe mambo mawili ili watu wasiende kufuta kila kitu kesho asubuhi. Kuna marudio ya zana na kuna marudio yetu wenyewe.

Ya zana huwezi kuyagusa bila kubadilisha mipangilio. Maven Surefire (inayoendesha testi wakati wa kujenga mradi wa Java) kwa kawaida inatafuta klasi zinazoanza na Test au kuishia na Test, Tests au TestCase. Ukiiita klasi yako KisomaTareheMajaribio haitaendeshwa, na hutaambiwa chochote, ujenzi utapita kijani. pytest nayo inataka faili la test_*.py au *_test.py, na funksheni inayoanza na test. unittest ya Python, iliyomo ndani ya Python tangu toleo 2.1, vivyo hivyo. Hizo "test" ni kodi ya mlangoni, lipa uingie.

Lugha ya Rust ni kinyume. Pale alama ya #[test] inatosha, na kwa desturi testi zinakaa ndani ya moduli inayoitwa tests. Mtu akiandika fn test_kisoma_mwezi_wa_13, ripoti inatoka hivi:

kisoma::tests::test_kisoma_mwezi_wa_13

Hapo kiambishi kimewekwa kwa mazoea tu. Ondoa, libaki kisoma::tests::mwezi_wa_13_unakataliwa. Kila kipande kinasema jambo lake.

#3 mstari_wa_80

Mimi napinga, na nitasema kwa nini.

Nimefanya kazi kwenye mradi wenye testi elfu kadhaa. Ninapotafuta, natafuta kwa grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili). Nikiandika "kisoma_tarehe" nataka testi zote za kisoma tarehe zije. Ukinipa jina kama "mwezi_wa_13_unakataliwa" nitajuaje ni la nani? Labda ni la kalenda, labda la ankara. Jina linatakiwa lijitegemee. Kurudia ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mtu kupotea.

Pili, majina mafupi huzaa uvivu. Leo unaambiwa ondoa marudio, kesho unakutana na testi inaitwa "tupu". Tupu nini?

#4 MsomaRipoti

Ahsante ndugu yangu, hii ndiyo niliyokuwa naisubiri.

La kutafuta kwanza. Ukiandika pytest -k kisoma_tarehe, pytest haiangalii jina la funksheni peke yake, inaangalia na jina la faili na la klasi iliyoibeba. Zitakuja zote hata kama hakuna hata moja inayotaja kisoma tarehe ndani yake. Maven ina -Dtest=KisomaTareheTest, na ukitaka baadhi tu unaongeza #kinakataa* mwishoni. Gradle, zana nyingine ya kujenga miradi ya Java, ina --tests. Na grep yenyewe inachapisha jina la faili kabla ya mstari, sivyo? Anwani unayo tayari. Unachoomba ni anwani iandikwe tena ndani ya barua.

La pili, la "tupu", nakubaliana nawe asilimia mia. Tena nasisitiza: siombi majina mafupi. Jina lenye maneno 8 yanayosema mambo 8 silipunguzi hata neno. Ninachokataa ni jina lenye maneno 8 ambamo 6 yameshasemwa juu yake. Nikishaondoa hayo 6, mara nyingi narudisha mengine 4 yaliyokosekana: hali gani, na matokeo gani. Jina linaweza kubaki na urefu ule ule.

#5 mgeni_wa_nyoka

Wakuu samahani, mimi ni mwanafunzi kwenye mambo haya. Nimesoma uzi huu jana nikaenda kufupisha testi zangu za Python. Zilikuwa 33. Nilipomaliza nikaendesha, zote kijani, nikafurahi. Leo nimeangalia vizuri, naona zimeendeshwa 31. Sikufuta yoyote. Zimeenda wapi?

#6 Kompaila

Pole sana mdogo wangu, na umefanya vyema kuhesabu, wengi hawahesabu.

Bila shaka funksheni mbili zimegongana majina na nyingine mbili. Kwenye Python, ukiandika def (yaani funksheni) mbili zenye jina moja ndani ya klasi moja au faili moja, ya pili inaifuta ya kwanza kimya kimya. Si kosa kwa lugha. Kwa hiyo ulikuwa na, kwa mfano, test_kisoma_tarehe_februari_mwaka_mrefu na test_kisoma_tarehe_februari_mwaka_mfupi, ukazikata zote mbili zikawa test_februari. Iliyo juu haipo tena. Java ingekukatalia papo hapo, Go pia.

Endesha flake8 au ruff (zana za kukagua kodi ya Python), tafuta onyo la F811 (jina limerudiwa), litakuonyesha mstari. Na wadau wengine msije mkadhani hili ni tatizo la majina mafupi tu. Nimelikuta zaidi kwenye majina marefu. Mtu ananakili testi ya herufi 90, anabadilisha ndani, anasahau kubadilisha jina, na jicho haliwezi kuona kwamba mistari miwili ya herufi 90 inafanana mpaka mwisho. Testi ya kwanza inakufa miezi kadhaa bila mtu kujua. Ukifupisha, linganisha idadi ya testi kabla na baada. Kila mara.

Na ukiwa huko kwenye pytest, jihadhari na faili mbili zenye jina moja kwenye folda tofauti zisizo na __init__.py (faili linaloifanya folda iwe pakiti ya Python). Kwa mipangilio ya kawaida zitagongana wakati wa kuingizwa. Kwa hiyo huwezi kuziita zote test_soma.py ukisema folda imeshajieleza. Hapo marudio ya jina la folda ndani ya faili yana kazi.

#7 mgeni_wa_nyoka

Nimezipata. Ni hizo hizo za Februari. Ahsante kaka.

#8 gofa

Kwa upande wa lugha ya Go niongeze kidogo, maana Go haina klasi za kubeba jina.

Funksheni zote za testi kwenye pakiti moja zinashiriki uwanja mmoja, hata zikiwa faili tofauti. TestTupu mbili hazikompailiki. Kwa hiyo jina la kinachojaribiwa lazima liwemo: TestSoma, TestAndika. Mara moja inatosha. Yanayofuata yanaingia kwenye t.Run (kesi ndogo ndani ya testi moja), iliyokuja na Go 1.7 mwaka 2016, na ripoti inatoka hivi:

TestSoma/mwaka_1900
TestSoma/mwezi_wa_13
TestSoma/maandishi_matupu

Nafasi unazoandika zinageuzwa kuwa mistari ya chini. Ukirudia jina la kesi, Go haiifuti kama Python, inaiongezea #01 mwishoni. Ukiona #01 kwenye ripoti yako ujue kuna mahali hukufikiri.

Jamii ya Go imelizoea hili tangu kwenye pakiti zenyewe. Mwongozo rasmi unaeleza kwa nini ni bufio.Reader na si bufio.BufReader: anayeitumia daima anaiona pamoja na jina la pakiti. Ni hoja ile ile ya mleta uzi.

#9 BintiSarufi

Nimesoma wote. Nataka nilete kitu ambacho nadhani sisi tunaoandika majina ya testi kwa Kiswahili tunacho na hatukitumii.

Lugha yetu imeshalitatua tatizo hili. Hatusemi "kisoma tarehe kisoma tarehe kinakataa". Tukishamtaja mtendaji mara moja, kiambishi kinambeba hadi mwisho wa habari: kinakataa, kinakubali, kinarudisha. Hiyo "ki" ni jina la klasi nzima kwa herufi mbili. Basi tuitumie:

KisomaTareheTest
  kinakataa29FebruariMwakaMfupi
  kinakubali29FebruariMwakaMrefu
  kinakataaMweziWa13
  kinapuuzaNafasiZaPembeni

Soma kwa sauti kuanzia juu. Kisoma tarehe kinakataa tarehe 29 Februari mwaka mfupi. Ni sentensi kamili, mtendaji katajwa mara moja tu, hakuna aliyepotea. Kama klasi ni Akaunti, basi inazuia, inafunga. Kama ni Mtumaji, basi anajaribuTenaMaraTatu. Upatanisho wenyewe unakuonya testi ikiwa imewekwa mahali pasipo pake. Ukikuta "inahifadhi" ndani ya KisomaTareheTest, sikio linakataa kabla ya akili. Nani inahifadhi? Mara nyingi utakuta testi hiyo ni ya klasi nyingine.

Na kitenzi kinakulazimisha useme matokeo. "Mwaka mrefu inafanya kazi" haiwezi kuandikwa kwa mtindo huu, utajikuta unajiuliza: kinafanyaje?

#10 gofa

Dada hili la upatanisho nimelipenda sana. Swali: kwa nini "kinakataa" na si "kikatae"? Wenzetu wa BDD (mtindo wa kuandika testi kama maelezo ya tabia ya programu), tangu Dan North aliyeuanzisha, walianza kila jina na "should" (inapaswa), yaani testi inasema kinachotakiwa, haidai kwamba tayari ndivyo ilivyo. Testi ikianguka huku inasema "kinakataa", ripoti inasema uongo.

#11 BintiSarufi

Nimelifikiria. "Kikatae" ni sahihi na ni fupi kuliko ile "should", kwetu ni herufi moja mwishoni. Tatizo la "should" kuwekwa kama neno la kwanza ni kwamba linakuwa lile lile kwenye testi zote, tunarudi tulikotoka: neno la kila mtu halimtambulishi mtu. Kwetu halituumizi hivyo. Kwa hiyo chagua moja na timu nzima ifuate. Mimi nabaki na "kinakataa" kwa sababu naisoma testi kama maelezo ya klasi, na maelezo yakianguka nyekundu najua hayatimizwi.

#12 MsomaRipoti

BintiSarufi, nimekaa na post yako jioni nzima. Nimebadilisha faili langu lote kwa mtindo huo na nimefuta testi 2 ambazo sikio lilizikataa, zilikuwa za kalenda.

Sasa niingie ndani ya testi, maana marudio hayaishii kwenye jina. Hii nimeikuta kwenye faili hilo hilo:

tarehe_ya_testi = "2024-02-29"
kisoma_tarehe_cha_testi = KisomaTarehe()
matokeo_tarajiwa_ya_kisoma_tarehe = date(2024, 2, 29)
matokeo_halisi_ya_kisoma_tarehe = kisoma_tarehe_cha_testi.soma(tarehe_ya_testi)
assert matokeo_halisi_ya_kisoma_tarehe == matokeo_tarajiwa_ya_kisoma_tarehe, "matokeo hayalingani"

Kila kitu ndani ya testi ni cha testi. Kusema "cha testi" ni kama kuandika "ya chakula" kwenye kila sahani. Baada ya kusafisha:

kisoma = KisomaTarehe()
assert kisoma.soma("2024-02-29") == date(2024, 2, 29)

Tarehe mbili zimekaa mstari mmoja, jicho linazilinganisha lenyewe. Ule ujumbe wa "matokeo hayalingani" nimeutoa, kwa sababu assert (mstari wa ukaguzi) haianguki kwa sababu nyingine yoyote zaidi ya kutolingana, na pytest inaonyesha thamani za pande zote mbili bila kuombwa. JUnit 5 nayo: ukiipa ujumbe inauchapisha, kisha mshale, kisha thamani zote mbili. Ujumbe uwepo pale unapoongeza kitu ambacho thamani hazisemi, kwa mfano ni kipengele cha ngapi kwenye orodha.

Pale panaponikera zaidi ni kwenye vitu vya kuigiza. moki_ya_saa, moki_ya_hifadhi, mtumiaji_wa_testi_1, mtumiaji_wa_testi_2. Kwamba ni moki (kitu bandia cha kuigizia) naiona kwenye mstari unaoitengeneza. Nisichokiona ni kazi yake kwenye hadithi hii. Saa hiyo imewekwa isimame saa sita kasoro sekunde moja usiku wa mwisho wa mwaka? Basi iitwe saa_iliyosimama. Hifadhi hiyo daima inarudisha kosa? hifadhi_iliyojaa. Watumiaji wawili wako pale kwa sababu mmoja ana ruhusa na mwingine hana, basi wawe mwenye_ruhusa na mgeni. Nilipowabadilisha hao wawili kwenye testi moja ya zamani niliona palepale kwamba assert ilikuwa inamkagua asiyehusika. Ilikuwa inapita kijani muda wote huo. Namba 1 na 2 ziliificha.

#13 Kompaila

Hilo la mwisho peke yake lilistahili uzi wake.

Niongeze moja kwa wenye kesi nyingi zinazotofautiana kwa thamani tu. Usiandike test_kinakataa_mwaka_1900, test_kinakataa_mwaka_2023, test_kinakataa_mwaka_2100. Andika moja:

@pytest.mark.parametrize("mwaka", [1900, 2023, 2100])
def test_kinakataa_29_februari(mwaka):

Ripoti itajaza yenyewe: test_kinakataa_29_februari[1900] na kuendelea. JUnit 5 ina @ParameterizedTest kwa kazi hiyo. Na hapo unaona pengo mara moja: 1900 na 2100 zinagawanyika kwa 100 lakini si kwa 400, kwa hiyo ni mifupi, 2000 inagawanyika kwa 400, ni mrefu, na iko wapi? Kwenye majina yale marefu hakuna ambaye angegundua kwamba 2000 haipo.

#14 mstari_wa_80

Nimerudi. Nimejaribu kwenye moduli moja kabla ya kusema zaidi.

Nakubali kwa sehemu kubwa. Grep haikunisumbua kama nilivyohofia. Lakini nimekwama sehemu moja ya kweli: mfumo wetu unapotuma taarifa ya testi zilizoanguka kwenye kikundi cha timu, unatuma jina la methodi peke yake, bila klasi. Kwa hiyo asubuhi tumepata ujumbe "kinakataaMweziWa13" na watu watatu wameuliza ni kipi hicho.

Pia nina klasi yenye hali nne, na kila jina linalazimika kutaja hali: MwakaMfupi, MwakaMrefu, na kadhalika. Marudio yamerudi kwa mlango wa nyuma.

#15 MsomaRipoti

La taarifa: rekebisheni taarifa. Mahali pa kuongeza jina la klasi ni ile skripti moja inayotuma ujumbe, si methodi elfu kadhaa. Kama skripti si yenu na hamwezi kuigusa, basi nakubali kabisa, rudisheni jina la klasi kwenye methodi mpaka siku mtakapoweza. Msomaji wenu halisi ndiye huyo wa kwenye kikundi, na yeye haoni klasi.

La hali nne, @Nested ya JUnit 5:

class KisomaTareheTest {
  @Nested class MwakaMfupi {
    @Test void kinakataa29Februari()
    @Test void kinakubali28Februari()
  }
  @Nested class MwakaMrefu {
    @Test void kinakubali29Februari()
    @Test void kinakataa30Februari()
  }
}

Hali inatajwa mara moja juu ya kundi lake. Ila usizidishe tabaka mbili. Nimeona watu wakifika tano, na hapo ili uijue testi moja unapanda juu skrini tatu kukusanya vipande vya jina lake. Ukifika huko ni heri urudie neno.

#16 mstari_wa_80

Skripti ni yetu. Ilikuwa mstari mmoja. Ujumbe wa leo umetoka hivi:

KisomaTareheTest > MwakaMfupi > kinakataa29Februari

Aliyeuona kwanza hakuuliza kitu, ameenda moja kwa moja kwenye ukaguzi wa kugawanya kwa 100 na kuukuta umefutwa. Kesi ya mwaka 2000 nayo tumeiongeza.